Anyesi Kati ya Nyuzi na Mashine

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Upepo mkavu ulivuma tangu alfajiri, na baridi ilikuwa ya kuvaa sweta juu ya khanga. Jua lilitoka, lakini halikupata nguvu mpaka mchana ulipokaribia. Siku hiyo wifi yangu Anyesi alifunga geti la uwanja wake wa kokoto kule Msalato, akavaa gauni la kitenge cha bluu, tukaenda wote Makole kwenye kliniki ya ngozi na uso. Alikuwa anakwenda kuamua kama uso wake uinuliwe kwa nyuzi au kwa mashine. Sendofu ya binti yake Gladness, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, ilikuwa Ijumaa ya wiki mbili zijazo.

Anyesi aliolewa na kaka yangu Filipo akitokea Chilonwa, msichana mwembamba mwenye mashavu yaliyojaa. Gladness alikuwa bado shule ya msingi Filipo alipofariki. Baada ya arobaini Anyesi alichukua nyundo, akapanda kilima cha mawe nyuma ya nyumba, akaanza kupasua kokoto. Wanawake wa kilimani walikuwa wakifunga kitambaa puani kuzuia vumbi, lakini macho hayafungiki, kwa hiyo kila mmoja hujifunza namna yake ya kujikinga na vipande vinavyoruka. Anyesi alijifunza kukunja upande wa kushoto wa uso, jicho nusu limefumba, shavu limepanda, kila nyundo iliposhuka. Alikunja hivyo miaka mingi mpaka uso ukazoea.

Mji wa Dodoma ulipoanza kujengwa kwa kasi, majengo ya serikali ya Ihumwa yakiinuka na uwanja mpya wa ndege ukichimbwa kwetu Msalato, yeye na wenzake walikuwa tayari wamenunua mashine ya kusaga mawe. Wenzake baadaye waliuza hisa zao wakaenda kwenye biashara nyingine, yeye akabaki. Leo hii ukisema kokoto za mama Gladness, madereva wa malori wanajua geti. Gladness alisoma kwa kokoto hizo mpaka akawa mwalimu wa sekondari. Sioni haya kusema kwamba katika ukoo wetu hakuna mwanamume aliyefanya kama alivyofanya yeye.

Jambo la uso lilianzia kwenye posa.

Katika ukoo wetu, mahari inapoletwa, wanawake wa upande wa binti hukaa mkekani bila kutambulishwa. Mshenga anatakiwa ajue mwenyewe nani ni nani na ampe kila mmoja haki yake: mama mzazi mkaja wake, bibi blanketi lake, shangazi khanga zake. Akikosea analipa faini, na watu wanacheka. Ndiyo maana washenga wajanja huja mapema kupeleleza. Mzee Meshack, mshenga wa upande wa kijana Obedi, alitoka Mpwapwa asubuhi ile ile na gari likawaharibikia njiani, kwa hiyo hakupeleleza kitu.

Aliingia, akasalimia, akatazama mkeka. Mama yangu mzazi, yaani bibi yake Gladness, ni mtu mdogo wa umbo, na siku hiyo alikuwa amepaka mafuta, amevaa miwani na kilemba kipya. Pembeni yake alikaa Anyesi, aliyetoka kupakia lori alfajiri. Mzee Meshack akapiga goti mbele ya Anyesi, akamwekea blanketi mapajani kwa mikono miwili.

"Bibi yetu," akasema, "baridi ya Dodoma isikuguse tena."

Kisha akamgeukia mama yangu, akamkabidhi mkaja: doti ya vitenge vya gharama na khanga juu yake. "Na wewe mama, uliyembeba huyu binti mgongoni."

Nyumba ikapasuka kwa kicheko. Mama yangu alikuwa wa kwanza. Alikuwa ameshajifunga kitenge kiunoni.

"Mama!" nikamwambia. "Rudisha, si chako hicho."

"Nirudishe nini? Kilichopokelewa kwa mikono miwili hakirudi. Mshenga ameona mwenyewe nani mbichi." Akamgeukia Gladness. "Mke mwenzangu, kuanzia leo niite mama. Bibi yako yule pale, mletee uji."

Mzee Meshack alilipa faini ya mbuzi, akaomba radhi mara nyingi, na Anyesi alicheka na wote. Alisema asante kwa blanketi, akalikunja vizuri. Lakini jioni, tulipokuwa tunaosha masufuria uani, alisimama na sufuria mkononi akaniuliza:

"Wifi, niambie kweli. Mimi nafanana na bibi?"

"Alikuwa amechoka safari yule mzee."

"Sikukuuliza habari ya mzee."

Nikamwambia kwamba mashavu yameshuka, hasa la kushoto, na mikunjo ya pembeni ya mdomo imekuwa mirefu. Aliinamia sufuria akaendelea kusugua.

"Siku ya sendofu ukumbi mzima utakuwa watu wa Mpwapwa," akasema. "Binti yangu mmoja. Sitaki mtu aulize mama wa huyu binti alikwenda wapi, mbona amekuja na bibi yake."

Tangu siku hiyo akaanza kuuliza. Anyesi hanunui hata bakuli bila kuuliza sehemu tatu. Alimuuliza Aneth wa saluni, aliyemwambia kuhusu kukandwa uso kwa mafuta, jambo ambalo alilifanya na likamfanya alale vizuri tu. Alimuuliza mwanamke mmoja mteja wake wa Ihumwa ambaye mashavu yake yalikuwa yamepanda ghafla mwaka uliopita. Yule ndiye aliyetutajia kliniki ya Makole, na ndiye aliyetaja nyuzi.

Kliniki ilikuwa ghorofa ya kwanza, safi, na viti vya mapokezi vilikuwa vimejaa wanawake. Daktari alikuwa binti wa Kirangi kutoka Kondoa, anaitwa Ikram, amevaa hijabu ya rangi ya maziwa. Alitoka mwenyewe mlangoni kutupokea.

"Shikamoo mama. Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu," tukaitika.

Alimkalisha Anyesi kwenye kiti chenye taa, akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku.

"Mama, unalalia upande wa kushoto?"

"Silalii. Nimepasulia mawe upande huo."

Daktari aliomba aelezwe, akaelezwa, akamwomba Anyesi akunje uso kama anavyokunja akiwa na nyundo. Anyesi akakunja. Daktari akatazama kwa muda, akafuata mkunjo ule kwa ncha ya kidole, akasema sasa ameelewa kwa nini shavu moja limemtangulia mwenzake.

Kisha akaanza kueleza. Hakuharakisha, na Anyesi hakumharakisha.

Alisema pale kwake hawakati ngozi. Kukata na kuvuta uso ni kazi ya upasuaji, kwa mtu ambaye ngozi imeshuka sana, na Anyesi hajafika huko. Njia alizonazo ni za namna mbili. Namna ya kwanza haiingizi kitu mwilini: mashine inawekwa juu ya ngozi, inapeleka joto ndani. Iko mashine ya joto la kawaida la umeme, ambayo mtu huirudia mara kadhaa na kazi yake ni ya upole. Na iko ya mawimbi ya sauti, inayofika chini zaidi, ambayo kwa kawaida hufanywa mara moja kisha mtu anasubiri. Joto linaiamsha ngozi ijijenge upya yenyewe.

"Inasubiriwa kiasi gani?" Anyesi akauliza.

"Miezi miwili, mitatu. Haionekani leo. Na ikionekana, ni kidogo: watu watasema umepumzika, hawatasema umebadilika."

"Na nyuzi?"

"Nyuzi ni namna ya pili. Natia ganzi, napitisha uzi mwembamba chini ya ngozi kwa sindano, kuanzia hapa karibu na nywele mpaka shavuni. Uzi una vishikizo vidogo. Nauvuta, shavu linapanda. Unaondoka hapa umeliona kwenye kioo. Baada ya miezi uzi unayeyuka wenyewe, na ngozi inabaki imejikaza kwa muda."

"Leo leo?"

"Leo leo. Ila utavimba kidogo siku za kwanza, na pengine utapata alama ya damu kuvilia. Uzi unaweza kuvuta upande mmoja kuliko mwingine, ukaonekana kijikunjo, tukarekebisha. Kwenye mashine hakuna hayo. Kuna maumivu ya kuchomachoma wakati wa kazi, uwekundu, unakwisha."

Alimfungua Anyesi kilemba, akatazama nyuma ya masikio na matundu ya hereni, akauliza kama ana kovu lolote lililowahi kufura likawa nene. Kama lingekuwepo, alisema, nyuzi asingemtia. Masikio ya Anyesi yalitobolewa kwa mwiba akiwa mtoto, yakapona sawasawa, ngozi laini.

"Kwa hiyo mimi naruhusiwa zote mbili," Anyesi akasema.

"Zote mbili."

Alinigeukia. Uso wake ulikuwa umefunguka kwa furaha. Nilijua ameshachagua. Sendofu haikuwa mbali. Mashine ingechelewa, uvimbe wa nyuzi ungewahi kwisha.

"Nyuzi," akasema. "Wifi, unasemaje?"

"Shavu ni lako."

Daktari alimwita nesi wake, Erica, alete karatasi ya masharti, akaanza kuyasoma kwa sauti ili tusikie wote wawili. Kulala chali. Kutosugua uso. Kutotafuna vitu vigumu, kama mahindi ya kuchoma na mifupa. Kutofungua mdomo sana kwa wiki mbili hadi tatu: kupiga miayo taratibu, kucheka taratibu, kutoimba kwa nguvu.

Anyesi aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Daktari. Kigelegele je?"

"Kigelegele?"

"Mama wa binti ndiye anayekianzisha. Binti akiingia ukumbini, mama anapiga, ndipo wengine wanapokea. Mimi changu ni kirefu."

Dokta Ikram alitabasamu. "Kirefu kiasi gani mama? Hebu nione mdomo unavyofunguka. Taratibu tu."

Anyesi hajui kupiga kigelegele taratibu. Aliinua kichwa, akaweka mkono mmoja pembeni ya mdomo, akakiachia. Kile chumba kilikuwa kidogo. Nilihisi sauti ile kwenye meno yangu. Kilipanda, kikakaa juu, kikatetemeka pale juu bila kukatika, kikashuka kikiwa kizima. Na kwa sababu kigelegele hakiachwi peke yake, wanawake wa mapokezi, ambao hawakujua kuna nini, wakakipokea. Mmoja alianza, wengine wakafuata, ghorofa nzima ikawaka. Mlinzi alipanda ngazi mbio, akachungulia mlangoni.

"Nani kaolewa?"

"Bado," Anyesi akamwambia. "Subiri tarehe ishirini na saba."

Erica alikuwa ameegemea ukuta, karatasi imemfunika uso, mabega yanatikisika kwa kicheko. Daktari naye alicheka mpaka akarekebisha hijabu.

"Mama," akasema, "kwa mdomo huo nyuzi zitakatika kabla keki haijakatwa."

"Nikipiga kidogo?"

"Umenionyesha kidogo chako."

Tukacheka tena wote, kisha kicheko kikaisha na Anyesi akabaki anajitazama kwenye kioo cha mkono. Aliweka vidole viwili kwenye shavu la kushoto, akalisukuma juu, akalishikilia hapo. Kweli, alirudi kuwa yule msichana wa Chilonwa. Akaachia, likashuka.

"Wifi," akasema bila kunitazama, "mimi nikivaa huo uso mpya, nani atampigia Gladness?"

"Mimi nipo."

"Wewe?" Akageuka. "Wewe ukipiga watu wanadhani mbuzi amenasa kwenye uzio."

"Basi bibi yake."

"Bibi yake ameshachukua mkaja. Achukue na kigelegele?"

 Daktari alisema hakuna haraka, tunaweza kwenda nyumbani tukafikiri, au nyuzi zifanyike baada ya sherehe. Anyesi akatikisa kichwa. Alisema baada ya sherehe kutakuwa na harusi yenyewe, na baada ya harusi Mungu akijalia kutakuwa na mtoto, na yeye hatakuwa na wiki tatu za kufunga mdomo mpaka afe.

"Nifanyie mashine ya mawimbi," akasema. "Leo."

"Mama, nakwambia tena mapema. Siku ya sendofu hutaona tofauti. Usije ukanidai."

"Nimesikia tangu mwanzo, mwanangu. Nataka shavu langu lipande, nimelitumia sana. Lipande litakapopanda. Na ile siku nitakwenda nalo hivi hivi."

Nilikaa pembeni yake wakati wa kazi. Erica alimpaka dawa ya baridi, na daktari akapitisha kile kichwa cha mashine shavuni, mstari baada ya mstari, akisubiri kidogo kila mara. Karibu na mfupa kulichoma zaidi. Niliona mkono wa Anyesi ukishika ukingo wa kiti. Daktari akauliza kama asimame. Anyesi akasema cheche za mawe zilikuwa zinaruka bila kuuliza, aendelee tu. Kwa sababu ya mazoea alikunja upande wa kushoto, na daktari akalazimika kumwambia mara nyingi, "Legeza, mama. Legeza." Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu Filipo afariki mtu kumwomba upande ule ulegee.

Niseme hapa ili nisisahau: kazi ya mashine ilianza kuonekana mwezi wa tisa, na ilikuwa kama daktari alivyosema. Ukimwangalia unahisi amelala vizuri. Anyesi ameridhika nayo.

Ijumaa ya sendofu ukumbi wa Ihumwa ulijaa. Upande wa Mpwapwa ulikuja na mabasi mawili, wanawake wamevaa sare za kijani. Anyesi alivaa rangi ya zambarau. Kilemba chake kilifungwa na Aneth, uso wake ulipakwa poda kidogo, na mashavu yake yalikuwa yale yale ya siku ya posa. Mama yangu alikaa karibu naye, amevaa mkaja.

Meza ya nyuma yetu nilimsikia mwanamke wa sare za kijani akimnong'oneza mwenzake, "Mama mzazi ni yupi? Ni huyu mdogo mwenye miwani?" Anyesi alisikia pia. Nilimwona akinyoosha mgongo, akashika glasi yake ya soda, akaiweka chini bila kunywa.

Milango ilifunguliwa. Gladness akasimama pale, gauni la dhahabu, mikono imeshika maua, na kwa sekunde hizo muziki peke yake ndio uliosikika ukumbini, kwa sababu watu wa Mpwapwa wanajua adabu: walikuwa wanamsubiri mama.

Anyesi alisimama. Hakutazama kulia wala kushoto. Kilianza chini, kama mtu anayeita ng'ombe kwa mbali, kikapanda juu ya muziki mpaka kijana wa vyombo akauzima mwenyewe. Kilidumu. Nilimwona Gladness akifunga macho mlangoni, akasimama tu, akakipokea chote. Mkunjo wa shavu la kushoto ulikuwa umefunguka wote, mdomo wazi, mishipa ya shingo imesimama, na hakuna mtu katika ukumbi ule ambaye angeweza kuuliza tena huyu ni nani wa binti. Kilipokatika, upande wetu ulipokea, halafu sare za kijani zote zikasimama zikapokea kwa nguvu kuliko sisi.

Mzee Meshack alivuka ukumbi kabla MC hajamwita. Alikuja moja kwa moja, akapita mbele ya mama yangu bila kumtazama, akapiga goti.

"Mama," akamwambia Anyesi. "Leo nimeelekezwa."

"Na mimi je?" mama yangu akauliza kutoka pembeni. "Jana mama, leo sina cheo?"

"Wewe ni mke wangu," Mzee Meshack akasema, na meza nzima ikamwangukia kwa kicheko.

Anyesi hakukaa tena usiku ule. Kila zawadi ilipoletwa alipiga, kila ndugu alipoitwa alipiga, na keki ilipokatwa alipiga mpaka Obedi akaziba masikio huku akicheka. Gladness alipomlisha kipande cha keki, alimshika mama yake mashavu yote mawili kwa mikono yake, akayabusu, la kushoto mara ya pili. Mimi ni mtu wa kunyamaza, lakini pale nilisimama nikapiga na changu. Kama mbuzi alinasa, basi alinasa.

Asubuhi iliyofuata, Jumamosi, Anyesi alikuwa uwanjani kwake kabla ya jua. Lori la Ihumwa lilikuwa limefika, dereva akashusha kioo akamwamkia shikamoo. Alifungua mdomo kuitika na haikutoka sauti, hata ya kunong'ona. Akacheka kimyakimya, akaweka mkono kifuani badala ya marahaba, akamwonyesha kwa vidole rundo la kuchukua, kisha akavuta geti likafunguka wazi.